Nusu ya Ngwe

Siku ile shambani tulikuwa bibi, wadogo zangu wawili, mimi, na mama jirani mwenye shamba. Leo nikipasha mafuta ya kondoo nijipake magotini, harufu yake hunirudisha kwenye udongo ule mwekundu wa kijiji chetu, Qurus.

Kwetu watu walilimiana kwa zamu. Jirani alikwisha kulima kwetu, sasa bibi alidaiwa ngwe moja, kipande cha kulima, kwake. Baba na mama tulikuwa tumewazika, tulibaki na bibi tu, kwa hiyo nililima huku macho yangu yakiwa kwake. Katikati ya ngwe akaketi, mkono kifuani.

"Mama, twende zahanati," jirani alisema.

"Kufanya nini? Mgonjwa ni yule aliyeshindwa kulima. Mimi napumzika."

"Unapumzika midomo imekauka hivyo?"

"Yako haikauki kwa kuwa haifungwi."

Wadogo zangu wakacheka. Mimi nilisikia pumzi yake ikikwaruza.

"Bibi, nitakumalizia."

Akaushika mpini wa jembe langu. "Usiguse. Mwenye deni la jembe lazima aamke asubuhi."

Tukamshikilia akikongoja hadi nyumbani, shuka lake likinuka mafuta ya kondoo. Kesho yake sikwenda shule, wala siku zilizofuata. Niliketi mlangoni nikisikiliza anavyopumua. Mama jirani akaja kuniambia nikamalizie ile nusu, mvua zilikuwa zimekaribia.

Nilikataa, maana deni likiisha bibi asingekuwa na lazima ya kuamka. Mpaka leo hakuna wa kwetu aliyeilima, na bado tunadaiwa.