Mashine Isiyojua Msiba

Mume wangu alikwenda semina ya wafanyabiashara wadogo katika hoteli moja huko Bofa, akarudi na mkoba wa kitambaa, kalamu, na dini mpya. Dini yenyewe iliitwa mfumo. Tangu siku ile, kila kilichokwenda kombo nyumbani, kuanzia chumvi kuzidi mchuzini hadi paka kuzaa juu ya majamvi, sababu yake ilikuwa moja: hatuna mfumo.

Biashara yetu si ya kumuumiza mtu kichwa. Tunakodisha masufuria ya pilau, sinia, majamvi, viti na mahema hapa Malindi, na vitu vyetu hufika Mambrui na hata Adu ndani ndani. Harusi huagizwa mapema, tena kwa mbwembwe. Msiba hauagizwi. Mtu hupiga hodi, husema "Fulani hatunaye," nasi hufungua stoo. Hatuulizi masufuria mangapi, hatuulizi yatarudi lini, na bei haitajwi mbele ya maiti. Kwetu aliyefariki alfajiri huzikwa kabla ya jua kutua, huna wakati wa kumhoji mtu. Mimi niliamini huo ndio mfumo. Mume wangu aliniambia hayo ni mazoea, na semina ilikuwa imewaonya juu ya mazoea.

Programu ya kwanza aliyoileta ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya hoteli, na haikukubali kitu kisicho chumba. Tukayaandikisha masufuria kama vyumba. Kila sufuria lilipotoka, programu ilitaka kujua limelaza wageni wangapi na kama wanataka kifungua kinywa. Asubuhi ilitukumbusha tubadilishe shuka. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuandika kwamba mfuniko wa sufuria kubwa umebaki Mambrui, lakini programu ilishikilia kwamba chumba hakisahau mlango wake Mambrui.

Ya pili ilipendeza macho, rangi rangi tupu, ila haikufanya kazi bila mtandao, na stoo yetu ni ya kuta nene za mawe ambazo mtandao hauzipenyi. Mume wangu alipanda juu ya sufuria lililofudikizwa, mkono mmoja hewani, huku mteja akimngoja mlangoni. Mteja alidhani siku hizi tunauza antena.

Ya tatu ndiyo aliyoioa. Nasema aliioa kwa sababu aliisifu vile alivyokuwa akinisifu mimi zamani. Ilijua Kiswahili. Ilihesabu vitu, ilikumbuka wateja, na sifa yake kubwa ilikuwa kuwaandikia wateja kwenye simu zao bila mtu kuigusa. "Sisi tumekaa, yenyewe inafanya kazi," alisema, na kweli akakaa. Ilipouliza aina ya shughuli, ilitupa za kuchagua: harusi, mkutano, mahafali, siku ya kuzaliwa. Msiba haumo. Nikamuuliza mume wangu, je, mtu akifa? Akasema tutamweka kwenye "nyinginezo." Nikamwambia waliotengeneza kitu hiki bila shaka wanatoka nchi ambayo watu hawafi. Akaniambia napinga maendeleo.

Kisha mume wa rafiki yangu akafa. Huyu ni mwenzangu tangu chuo cha Kurani, tulikalia jamvi moja na kupigwa bakora kwa makosa yake. Hodi ilipopigwa nilifungua stoo kama kawaida, masufuria yakaenda, nami nikayafuata. Mume wangu akabaki nyuma kuufahamisha mfumo. Aliandika nambari ya simu ya mjane, akabonyeza "nyinginezo."

Siku ya tatu, baada ya kisomo cha hitima, masufuria yalirudi. Mume wangu akaandika yamerudi, na mashine, kwa furaha yake yote, ikamwandikia mwanamke aliyekaa eda: "Hongera mpendwa mteja! Tunaamini shughuli yako ilifana sana. Shughuli yako ijayo tutakuhudumia kwa bei nafuu zaidi. Usisahau kuwaalika marafiki!"

Simu ya mjane ilikuwa mikononi mwa mama mkwe wake, aliyekuwa akipokea salamu za pole kwa niaba yake. Binti wa yule mama akausoma ujumbe kwa sauti mbele ya wanawake waliokuja kutoa mkono wa pole. Mama mkwe akaelewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa: mwanawe hajamaliza hata wiki kaburini, na mkewe ameshapanga harusi nyingine, tena ya bei nafuu. Akaamuru aondoke, akakae eda yake kwa kaka yake huko Mambrui. Mjane kutolewa nyumba ya mumewe kabla ya eda kwisha ni fedheha isiyofutika. Mji mzima ungeuliza amefanya nini, kisha ungejijibu wenyewe.

Nilipoletewa habari nilikwenda moja kwa moja stoo. Niliyomwambia mume wangu siwezi kuyaandika hapa, watoto wetu wanajua kusoma. Mwisho nikamwambia achukue kompyuta yake twende msibani.

Mwanamume wa nje haingii kwa mwanamke aliye edani, kwa hiyo mume wangu aliwekwa barazani na kompyuta mapajani, nami nikaingia ndani, pazia likawa kati yetu. Rafiki yangu alikuwa amekaa pembeni, macho makavu. Waliniambia hajalia tangu mazishi. Nilipoingia hakuinua uso, na hilo liliniuma kuliko matusi.

"Shikamoo, mama. Poleni," nikasema.

"Marahaba," mama mkwe akajibu. "Umeleta posa?"

"Hasha, mama! Ujumbe ule hakuuandika mtu. Ni mashine."

"Mashine ina vidole?"

Hapo mume wangu akadakia kutoka barazani, kwa sauti ya semina. Alieleza kwamba mfumo hujiendesha wenyewe kulingana na vigezo, na kwamba kwa bahati mbaya mjane alikuwa ameangukia kwenye nyinginezo.

"Hebu mwambie mumeo anyamaze," yule mama akaniambia. "Na hiyo mashine na iingie iniombe radhi yenyewe. Au ni ya kiume?"

"Mama, si ya kiume wala ya kike."

"Basi hata mama haina. Ingekuwa naye, ingefunzwa."

Nikaona maneno hayatatufikisha popote. Nikamwomba yule mama nambari yake ya simu, akanipa kwa kunibeza, nami nikamtajia mume wangu kupitia pazia. "Mwandike na huyu!" nikapaza sauti. "Nyinginezo! Masufuria yamekwenda, masufuria yamerudi!"

Tukangoja. Simu ya mama mkwe ikalia ndani ya mkunjo wa kanga yake. Binti yake akaichukua akasoma, sauti ikimpungua kila neno: hongera mpendwa mteja, shughuli yako ilifana sana, shughuli yako ijayo, bei nafuu zaidi.

Yule mama akamtazama bintiye, akaitazama simu, kisha akayatazama magoti yake.

"Mimi?" akasema. "Na magoti haya? Nani atanioa?"

Wanawake wakaziba vinywa kwa kanga zao, haikusaidia. Nyumba nzima ya msiba ikaangua kicheko. Rafiki yangu naye akacheka, akacheka mpaka akainama, na mle mle ndani ya kicheko sauti ikageuka, akaanza kulia. Alilia kilio chote kilichokuwa kimemkwama tangu mazishi. Mama mkwe akamvuta, akamlaza kichwa juu ya magoti yale yale, naye akamlilia mwanawe upya.

"Haendi popote huyu," akatuambia sote. "Atakaa hapa, nyumbani kwa mumewe."

Nami nikalia, wala sikujificha. Kule barazani mume wangu alikuwa haoni kitu. Alisikia vicheko na vilio vimechanganyika, na hayo hakufundishwa Bofa.

"Je, imefika?" akauliza kwa woga.

Mama mkwe akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Imefika, mwanangu," akamjibu. "Sasa izime."