Jibu la Baada ya Chai

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakikaangwa kwa mawese hunirudisha Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa siku nyingi mjini Bujumbura. Vita vilitufikisha huko tukitokea Kamenge, mtaa ambao askari waliusaka wakitafuta waasi, mimi, mama na wadogo zangu wawili, na fundi mmoja wa magari akatupa chumba nyuma ya karakana yake. Vijana wa pale hawakupendezwa. Walisema watu wa Kamenge watawaletea askari, wakamtaka mkuu wa mtaa atuondoe. Mkuu alikuwa mtu mpole mwenye kofia safi ya darizi, akawajibu kama alivyomjibu kila mtu: "Nitasema kesho, baada ya chai."

"Shefu, unamuogopa dada yako?" kijana mmoja akamtania. "Na we mama yako humuogopi?" akajibu, watu wakacheka. Lakini walijua. Chai ile aliinywa jikoni kwa dada yake mkubwa, Bi Mwajuma, mjane asiye na cheo chochote. Mke wa fundi akamwonya mama asiende kumbembeleza mkuu. Aende akachambue mchele kwa Bi Mwajuma, na asiombe kitu. Mama akaenda siku ile ile, nami nikamfuata. Walichambua mpaka mchele wa sinia ukakaribia kuisha. Ndipo Bi Mwajuma akauliza, bila kuinua macho, "Mama Odeta, watoto walilala wapi njiani?" Odeta ni mimi. "Kwenye baraza la kanisa, juu ya saruji," mama akasema, na chozi likadondokea sinia. "Haya. We chambua tu, apana kulia mu mchele wangu."

Kesho yake mkuu akasimama mbele ya vijana. "Watoto hawa wamekwisha kulala juu ya saruji ya kanisa," alisema. "Hapa watalala ndani." Habari ile hatukuwa tumemwambia mtu mwingine. Mama alipokwenda kumshukuru Bi Mwajuma, alikataa: "Mushukuru shefu. Mi niko jikoni tu."

Tangu hapo nimejisomea mengi kuhusu wafalme na watu waliotawala nyuma ya mapazia yao. Waandishi wengi huwalaumu hao wa nyuma ya pazia, na nadhani wana haki: neno moja la Bi Mwajuma lingeweza kututupa nje, tusijue tumlalamikie nani. Leo napenda uamuzi utolewe hadharani, na mtu anayeweza kuulizwa. Hata hivyo, miaka yote iliyobaki ya vita tulilala ndani. Nikipita mtaa ule, ofisi ya mkuu naiona baadaye. Kwanza natazama dirisha la jikoni.