Siku Niliyotia Sumu Kichuguu cha Hajati

Bandarini kwetu Luzira kila msimu huja na mpangaji wake, na mpangaji huyo hajawahi kubisha hodi. Mvua za kwanza zikigusa ziwa wanapanda sami, visubi wadogo wanaoinuka majini kama moshi wa treni, wingu zima, hata mtu akipiga miayo barabarani huwa amekwisha kula chakula cha mchana. Mvua zikikolea wanahamia panya kutoka maghala ya bandarini, panya walioshiba mahindi ya watu, wenye mashavu. Mmoja nilimkuta amekaa juu ya kiti changu, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeingia bila ruhusa. Niliomba radhi nikarudishia mlango.

Wakati wa mende ndipo tulipojiita wanajeshi. Tulikuwa wapangaji sita katika ua mmoja, na mbinu yetu ya vita ilikuwa kila mtu kupuliza dawa siku yake. Nikipuliza mimi Jumatatu, mende wangu walihamia kwa jirani yangu, mama mshonaji aliyetoka Bukavu. Akipuliza yeye Jumatano, walirudi kwangu wamenona, na naamini walikuwa wameshaokota Kifaransa kidogo. Niliitisha mkutano nikaeleza kwa ufasaha kwamba tupulize sote siku moja. Watu walipiga makofi, wakanisifu kwa akili zangu, kisha kila mtu akaenda kupuliza siku yake.

Sifa hizo zilikuwa na sababu. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ua. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, stashahada ya usimamizi, miaka mitatu ya kusinzia juu ya dawati baada ya kuuza misumari Ntinda kutwa nzima. Tangu siku niliyorudi na joho la kukodi, hakuna aliyeniita kwa jina. Nilikuwa Profesa, na Profesa hupewa kila tatizo lisilo na mwenyewe.

Tatizo moja tu lilikuwa na mwenyewe: mchwa.

Nyuma ya choo palisimama kichuguu kirefu kama askari magereza, na kutoka hapo vijia vya udongo vilitambaa mpaka ukutani kwangu. Mchwa walikuwa wamekula fremu yote ya mlango wangu kwa ndani. Mlango ulibaki umesimama kwa heshima tu. Mahali pengine popote mtu angekwisha kukichimba kichuguu kile. Kwetu haikuwezekana, kwa sababu ya Hajati.

Hajati ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mjane mnyoofu kama mnara, ambaye babu zake walifika Buganda na biashara ya pwani wakabaki. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Chetu wengine kilikuwa cha kuokoteza. Siku uliyohamia alikupokea na sheria zake: "Choo mtashirikiana. Bomba mtashirikiana. Kichuguu ni changu." Maana kila msimu kichuguu kile kilimtolea kumbikumbi, wale wenye mabawa ambao Waganda huwaita nswa, na Hajati aliwakaanga kwa chumvi, akawala na kugawa kikombe kimoja kimoja kwa aliowapenda. Basi kichuguu kilikula nyumba, Hajati akala kichuguu, na sisi tukala hasara.

Ningeendelea kuvumilia kama siyo mapenzi. Msichana niliyetaka kumwoa tulikutana darasa lile la jioni. Alikuwa akinichoma kwa kalamu kila nilipoanza kukoroma, nami nikaona hapa nimepata mtu wa maisha. Ijumaa moja akanipigia simu, sauti ameibana.

"Senga anakuja kwako Jumapili."

Kwa Waganda senga ni shangazi wa msichana upande wa baba, naye ndiye mlango wa ndoa. Baba akikupenda, mama akikupenda, senga akisema hapana, rudi ukauze misumari yako.

"Anakuja kufanya nini?" nikauliza. "Si mimi ndiye natakiwa kwenda kwao?"

"Amejiamulia mwenyewe. Alikaa sana kambini na mumewe askari, amezoea kukagua. Sikiliza. Haangalii viti, haangalii televisheni. Anaangalia pembe za nyumba. Kwa mchumba wa dada yangu alimkuta kunguni mmoja. Mmoja tu! Akasimama akaenda zake. Dada mpaka leo yuko nyumbani."

Simu ilipokatika niliitazama fremu ya mlango wangu. Nikaisukuma kwa kidole. Kidole kikaingia.

Jioni hiyohiyo nilikuwa Kikuubo, kwenye vichochoro vile ambavyo gunia na mtu hupishana na gunia ndilo hupewa njia. Muuza dawa mmoja mwenye kipaza sauti alinikagua kama daktari.

"Ssebo, unataka kuua au unataka kumaliza?"

"Kuna tofauti?"

"Kuua ni mmojammoja. Hii hapa inamaliza. Mchwa hafi papo hapo. Anaibeba, anarudi nyumbani, anasalimia wazee, anapakata watoto. Kesho yake ukoo mzima kimya."

Ilikuwa unga mweupe, ukinuka kama muhogo uliokaa karibu na mafuta ya taa. Nikanunua. Kumwomba Hajati ruhusa sikuthubutu. Nilijiambia kwamba msimu ule ameshavuna, kwa hiyo hatapungukiwa kitu. Elimu ya jioni inamfundisha mtu kujijibu maswali yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Hajati alipotoka kwenda kumwona dada yake Kisugu, nilikizunguka kichuguu na kopo langu, nikamimina ule unga katika kila tundu nililoliona, kifua mbele kama waziri wa ulinzi. Kisha nikapanda boda nikaenda kazini.

Jumapili saa nne Senga akafika. Alivaa gomesi ya zambarau yenye mabega yaliyochongoka kama paa la kanisa, na mkoba aliubana kwapani kama rungu. Kiswahili alikuwa amejifunzia kambini, kwa hiyo alikijua kwa amri tu.

"Kaa!" akaniambia, nyumbani kwangu mwenyewe.

Nikakaa.

"Mimi hapa kwanza," akasema, akijiweka kwenye kiti cha barazani. "Ndani baadaye. Wewe wazazi wako wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, Hajati akatokea katika kanga mpya, ametabasamu, ameamua bila kuulizwa kwamba siku ile yeye ndiye mama yangu.

"Mzazi wake ni mimi hapa, dada yangu. Karibu sana. Kijana huyu ni dhahabu. Kelele hana, pombe hana, shahada anayo."

"Stashahada," nikasema.

"Nyamaza, unapunguza."

Akaingia kwake, akarudi na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. "Mgeni haingii uani kwangu akatoka kinywa kitupu. Una bahati, dada. Jana mchana nimerudi kutoka Kisugu, jua limewaka juu ya manyunyu, nikasema hebu nijaribu. Nikachukua vijiti vyangu viwili nikagonga kichuguu, taratibu, kama mvua inavyogonga. Wakadanganyika! Wakatoka beseni zima. Mara ya pili msimu mmoja, haijapata kutokea."

Akafunua kitambaa. Kumbikumbi wamekaangwa, wanang'aa kwa chumvi, wananukia ua mzima.

Ningenyamaza, ningekuwa nimemlisha sumu shangazi wa mke wangu. Ningesema, Hajati angenifukuza mbele ya mgeni, na mgeni angeondoka akijua kwamba ninatia sumu vyakula vya wazee. Miaka mitatu ya usimamizi, na somo hili halikuwemo.

"Banange, nswa!" Senga akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya amri. "Tangu mzee wangu afariki, hakuna aliyenikaangia nswa."

Akachota kwa vidole vitatu. Mkono ukapanda.

"Usile!"

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeushika mkono wa senga wangu, jambo ambalo kwa mila zao nadhani lina faini yake, na bakuli lilikuwa sakafuni limepinduka, na kumbikumbi wamesambaa baraza zima.

"Profesa, umepagawa?" Hajati akapiga kelele.

"Wana sumu! Nimetia dawa kwenye kichuguu. Jana asubuhi. Mimi."

Hapohapo tukasikia ko, ko, ko kutoka sakafuni. Jogoo wa Hajati alikuwa amekwisha kufika na alikuwa akila kwa kasi, bila kuinua kichwa.

"Shika kuku huyo!" Senga akaamuru.

Tukamkimbiza, mimi, Hajati na Senga mwenyewe, gomesi ameikusanya mkononi, akitoa maelekezo: "Kushoto! Zunguka! Wewe msomi, lala chini!" Nililala chini. Jogoo alipita juu ya mgongo wangu. Mama mshonaji akatoka kwake na futi ya kupimia shingoni.

"Munakimbiza kuku siku ya Bwana? Wageni gani hawa wasioweza kungoja wali?"

Jogoo alipanda juu ya tangi la maji akatutazama kutoka huko. Senga akarudi kwenye kiti chake akihema, akakung'uta vumbi mabegani.

"Sasa tunangoja," akasema. "Akifa, tumejua."

Tukangoja. Nilifagia wale kumbikumbi wote, nikawafukia kwenye shimo la takataka, nikarudi kukaa. Sijapata kukaa katika kikao kigumu kama kile. Hajati akanigeukia.

"Ulishindwa kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa, Hajati."

"Ningekataa, ndiyo. Ndiyo maana watu huuliza."

Nikaonyesha kidole chumbani kwangu.

"Mlango unaanguka," nikasema. "Na nilitaka Senga akute pembe zangu ni safi. Nilijua anakagua pembe. Samahani. Ningeweza kunyamaza, lakini..."

"Lakini nini?" Senga akadakia.

"Lakini ungekula."

Akakunja midomo. Hajati naye akageuza uso kumtazama jogoo wake. Jogoo alishuka kwenye tangi, akatembea, akachakura, akampanda kuku mmoja wa jirani, akawika. Saa nzima ilipita, kisha nusu nyingine. Alikuja mpaka miguuni pa Senga akainamisha kichwa kutazama kama kuna kumbikumbi waliobaki.

Senga akasimama.

"Fungua mlango."

Hapo nilijua kwamba mwisho wangu umefika. Niliushika mlango kwa mikono miwili ili usije na fremu yake, nikaufungua. Alivuka kitanda, viti na televisheni bila kuvitazama, akaenda moja kwa moja kwenye pembe. Kijia cha udongo kilikuwa pale, kibichi, kimejengwa asubuhi ileile, kimepanda juu zaidi kuliko jana. Akakikwaruza kwa ukucha. Ndani yake mchwa walikuwa wanapita, weupe, wanene, wamebeba mizigo yao, hakuna hata mmoja aliyekohoa.

"Hawa ndio uliowaua?"

"Ndio, Senga."

"Wanakwenda wapi?"

"Kwenye fremu, Senga."

Akainama karibu zaidi. Mabega yale ya gomesi yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, mpaka aliposhika ukuta ili asianguke, na kicheko kikatoka, kicheko cha kambi nzima, akamwita Hajati aje kuona. Hajati akaja, akaona mchwa wake wako hai, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, "wamekuuzia unga wa uji, mwanangu. Na fremu utainunua wewe."

Senga alijifuta macho kwa ncha ya mshipi wake.

"Wanaume wengi wamenipa chakula," akamwambia Hajati, kana kwamba mimi ni kabati. "Wa kuninyang'anya ni huyu wa kwanza. Nilimtafutia mtoto wangu mwanamume anayeweza kuua mdudu. Huyu hata mchwa wako salama kwake. Basi mtoto wangu ataishi."

Akachukua mkoba wake, akaubana kwapani, akageuka mlangoni.

"Wewe! Jumapili ijayo, kwetu, saa nne kamili. Na usilete chakula."