Laini ya Pili

Mimi sikai. Hata nikiandika haya nimeshasimama mara mbili kwenda kuchungulia maji jikoni, na bado hayajachemka. Tabia hii niliipata kwenye kituo kimoja cha afya karibu na Majanji, Uganda, mpakani na Kenya, nilipokuwa kwenye utafiti. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta wagonjwa wa ARV walioacha kuja kuchukua dawa.

Kuwatafuta kwenyewe ni kupiga simu. Unapiga siku tatu tofauti, mtu asipopatikana unaandika kwenye rejista: amepotea. Niliandika neno hilo mpaka likawa halinigusi tena. Tulipomaliza, mkubwa wetu alisoma matokeo ukumbini Tororo, wakubwa wa afya wakapiga makofi, na baada ya muda ikatoka kanuni. Aliyepotea akirudi, asipewe dawa mpaka ahudhurie ushauri nasaha mara tatu, kila wiki mara moja. Nilijivuna, nisiseme uongo. Utafiti mwingi huishia kabatini, wetu ulikuwa umebandikwa ukutani.

Halafu siku moja nilipopita pale kituoni, akaja mama mmoja muuza mukene, yaani dagaa. Nilimjua, nilikuwa nimemwandika kwa mkono wangu kwamba amepotea. Alibakiwa na vidonge vya siku mbili, na daktari alikuwa ameshamwambia aanze ushauri wiki ijayo.

"Nimepotea wapi, mwanangu?" akaniuliza. "Mimi nakwenda Busia ya Kenya kuuza samaki. Dawa nachukua huko. Sasa binti yangu amejifungua, nimerudi kukaa naye."

Akatoa kadi ya kliniki ya huko. Mihuri ilikuwa ya kila mwezi, hakuna uliokosekana.

"Mbona hukupokea simu? Nilikupigia mara tatu."

"Ulipiga laini gani?"

Uso ukaniwaka. Mpakani hapa nani ana laini moja? Mimi mwenyewe nikivuka huchomoa ya Uganda na kutia ya Kenya kabla sijafika kwa wauza nyanya. Lakini fomu yetu ilikuwa na nafasi ya namba moja, nami niliijaza kwa miaka bila kufungua mdomo.

Nikamwendea daktari. Alinyoosha kidole ukutani. "Kanuni ni yenu," akasema, na alikuwa na haki. Nikatia laini ya Kenya palepale, nikawapigia wale wa kliniki ya ng'ambo, muuguzi wa huko akamsomea daktari tarehe zote moja baada ya nyingine. Daktari akanuna, akampa mama dawa za mwezi mmoja.

"Huyu tu," akaniambia.

Huyu tu vipi? Nilitoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Mama alikuwa bado anafunga dawa zake kwenye leso. Nikamuuliza kama huko ng'ambo wako wengine waliokuwa wakija kwetu.

"Wengi. Tunakutana kwenye foleni. Unamkumbuka yule fundi wa mitumbwi? Yeye simwoni siku hizi, lakini namba ya mke wake ninayo."

Nilimkumbuka sana. Yeye na mkewe walikuwa wakija kliniki pamoja, na fundi naye nilimwandika amepotea. Nikapiga, mke akapokea mara moja. Nikajitaja, nikamwambia nataka kujua mzee anaendeleaje.

"Alirudi huko kwenu," akasema. "Kazi ng'ambo ilikuwa imekwisha, dawa zimemwishia, anakohoa. Mlimwambia aje mara tatu kwanza."

"Akaja?"

"Alikuja mara mbili. Ya tatu tulikuwa tunamzika."

Mwezi uliofuata nilisimama kwenye ukumbi uleule wa Tororo nikayasema haya kwa hasira, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kanuni ilichukua miezi kubanduliwa. Fomu sasa ina nafasi ya namba mbili.

Rejista ya zamani niliifungua siku ileile ya simu, kabla ya kwenda nyumbani. Mbele ya jina la fundi nilikata neno langu, nikaandika: alikuja mara mbili.