Krismasi ya Masweta ya Kufumua

Wiki jana mke wa ndugu yangu mdogo aliandika kwenye grupu la familia: "Krismasi ni kwetu Kajiado, wote karibuni. Zawadi za watoto ziwe mpya please, kwa boksi yake. Hakuna mitumba, hakuna za kushona nyumbani. Watu watapiga picha." Binamu mmoja akajibu sawa, mwingine sawa kabisa, mwingine akaweka kidole gumba. Mimi nilikuwa jikoni kwangu hapa Noonkopir, Kitengela, nikisonga ugali, na niliusoma ujumbe ule mara tatu mpaka ugali ukashika sufuria. Rafiki yangu, mimi si mtu wa kugombana kwenye grupu. Siku hiyo niligombana.

Niliandika kwamba nitafika na zawadi nilizofuma mwenyewe, kwa uzi wa masweta ya mtumba, na asiyezitaka asinyooshe mkono. Hata yule wa kidole gumba alitoroka. Najua wanachosema pembeni, kwamba dada yetu ana mkono wa birika. Waseme. Wao walimwona nyanya yetu siku za sikukuu tu, wakala chapati zake wakarudi Nairobi. Mimi nililelewa naye.

Cucu, kama tulivyomwita, alinunua ploti Kitengela wakati watu wa kwao Kiambu walimcheka kwamba amenunua upepo na mawe. Upepo ulikuwepo kweli. Ulipitia kwenye mabati ya nyumba yetu ukipiga mluzi, ukaacha vumbi jembamba juu ya maziwa, juu ya Biblia, juu ya kila kitu. Nyuma ya nyumba hapakuwa na ua. Asubuhi za Desemba tulifungua mlango tukakuta nyumbu wamesimama karibu na choo, wanatutazama kama wageni walionyimwa chai. Ndugu yangu huyuhuyu wa Kajiado, akija kwa sikukuu, siku hizo hana hata meno ya mbele, aliogopa kwenda haja mpaka nimsindikize. Hilo sikuliandika kwenye grupu, ingawa nilitamani.

Cucu alikuwa na sheria moja ya Krismasi na haikuwa na rufaa. Kila mtu alitoa zawadi, mkubwa kwa mdogo, lakini isitoke dukani. Ilipaswa kutoka kwa kitu ambacho mtu ameshakitumia. Shuka iliyochakaa katikati ilikatwa ikawa aproni mbili. Mkebe wa mafuta ya kupikia ukawa taa, au gari, kutegemea nani amebahatika. "Kitu kipya hakijui mtu," alikuwa akisema, na ukimwuliza maana yake alikutuma ukaokote mayai.

Kazi kubwa ilikuwa ya masweta. Shule zikifungwa, alitupeleka sokoni jioni, saa ambayo wauza mitumba walikuwa wanakunja, tukanunua fagia, yaani yale mabaki ambayo kila mtu ameyachambua akayaacha. Sweta ya mkono mmoja. Sweta iliyoliwa na nondo. Sweta ya mtu mnene wa Ulaya ambayo hapa kwetu ingemtosha ndama. Tuliyafumua yote. Unatafuta mshono begani, unaukata kwa wembe, unavuta, na sweta inarudi nyuma safu kwa safu ikilia trrr. Mmoja anavuta, mwingine anazungushia uzi kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa. Uzi unatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa leo, kwa hivyo lazima uoshwe na kuanikwa ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke. Maji ya kisima cha Kitengela yana chumvi na sabuni haitoi povu, basi Cucu alihifadhi maji ya mvua kwenye pipa, na ole wako ukiyanywa. Mpaka leo nikinusa sufu iliyolowa nasikia njaa, kwa sababu siku za kuosha uzi ndizo alizotupikia chapati.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kimaasai. Sisi watoto tulimwita Yeyo, kama watoto wake walivyomwita. Alituletea maziwa asubuhi kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, nasi, kwa salamu ya kwao, tuliinamisha vichwa aviguse ndipo tuseme neno lolote. Alikuwa na binti aliyenizidi miaka mitatu hivi. Binti huyo alikuwa ameitwa shule ya bweni huko Kajiado, wa kwanza kwa wasichana wa boma lile. Baba yake alikubali shingo upande. Yeyo alimwambia Cucu, mimi nikiwa hapo nachambua mchele, kwamba mtoto akikosa kitu kimoja tu kwenye orodha ya shule, mzee atasema angoje mwaka ujao, na mwaka ujao wa msichana haufiki.

Vitu alivikusanya kimojakimoja. Sweta aliipata kwa dadake, ambaye binti yake alikuwa amemaliza shule hiyohiyo. Ilikuwa rangi ya damu ya mzee, nzuri bado, ila viwiko vimetoboka. Yeyo aliileta kwa Cucu mimi sipo, izibwe viwiko, apate kumpa binti yake kama zawadi ya Krismasi. Cucu aliiweka ndani ya kabati akaenda kulisha kuku. Kabati letu halikuwa na mlango, na mlango ungekuwepo pengine nisingekuwa na hadithi hii. Paka akaiangusha juu ya gunia la fagia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikaa na wembe wangu nikachukua sweta iliyokuwa juu. Viwiko vina matundu, basi ni ya kufumua. Kwenye kola kulikuwa na kitambaa cheupe kimeandikwa 47 kwa uzi mweusi. Hiyo ilikuwa namba ya nguo za bwenini. Mimi nikadhani ni saizi, nikawaza, hawa Wazungu ni wakubwa kweli. Nilifumua mgongo, kifua na mikono yote miwili, nikiimba. Cucu aliporudi alikuta madonge manne ya uzi mwekundu na mjukuu anayetarajia kusifiwa.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliyatia yale madonge kwenye kikapu akanishika mkono, tukavuka kwenda kwa Yeyo nikiwa bado na manyoya ya sufu kwenye nywele. Nikainamisha kichwa. Yeyo akakigusa. "Tumekuja na makosa," Cucu akasema. "Sema wewe."

Nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Binti mwenyewe alikuwa mlangoni, na alichofanya ni kugeuka akaangalia ukuta. Ule mgongo wake sijausahau. Yeyo alichukua donge moja akaligeuza, akachukua jingine.

"Iko yote hapa?"

"Iko yote, Yeyo."

"Hakuna imepotea?"

"Hakuna."

"Basi wewe utafuma. Krismasi iko karibu, lakini iko."

Nilikuwa ninajua kufuma skafu, tena skafu iliyokwenda upande. Cucu alinipa sindano zake halisi, akachukua spoki za baiskeli nilizokuwa nikitumia akazitupa. Nilifuma asubuhi wenzangu wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Nilifuma nikichunga maziwa yasifurike, na yalifurika. Kila safu mbovu Cucu aliifumua bila neno, akanirudishia uzi. Kidole changu cha shahada kilivimba kikawa kama soseji. Usiku nilisali sala moja tu, kwamba baba wa yule msichana asiulize sweta iko wapi.

Tarehe ishirini na mbili shangazi yetu alifika kutoka Nairobi. Alifanya kazi ofisini, alinukia manukato, na kila mwaka alibeba zawadi mpya za dukani akimkaidi mama yake waziwazi. Alipoona ninachofanya alishika kiuno. Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha, wa kushoto ulikuwa umefika kwenye kiwiko, na uzi ulikuwa unaelekea kwisha kwa sababu mimi hufuma kwa kubana. "Mama, hii ni aibu," alisema. "Kesho naenda duka la uniform nanunua sweta mpya, tunampelekea huyo mama, tumalize." Sitakudanganya, rafiki yangu. Moyo wangu ulimwangukia shangazi. Niliitaka hiyo sweta mpya kuliko mbingu.

Cucu hakubishana. Alisema tu kwamba mwenye sweta ni Yeyo, aulizwe yeye. Shangazi akaenda na viatu vyake virefu juu ya mawe, mimi nyuma yake na kazi yangu kwenye kikapu. Yeyo alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa Kimaasai. Kisha akaitoa ile sweta ya mkono mmoja na nusu, akaipima kwenye mabega ya binti yake.

"Dada, ashe oleng," alisema. "Lakini mimi niko na sweta. Hii imemaliza hiyo shule mara moja. Inajua njia."

Na binti, ambaye hakuwa amenisemesha majuma matatu, akaniuliza, "Utamaliza?" Nikasema nitamaliza. Sikujua kwa uzi gani.

Uzi uliisha tarehe ishirini na nne asubuhi, mkono wa kushoto ukiwa umebakisha upana wa kiganja. Nililia machozi ya hasira. Cucu alivua kadigani yake, ile ya kanisani, iliyokuwa nyekundu pia ila iliyofifia kidogo. Akachukua wembe, akakata upindo wa chini, akaanza kuvuta. Shangazi alipiga kelele kama ameona nyoka. Cucu akaendelea kuvuta mpaka uzi ukatosha. Siku ya Krismasi alikwenda kanisani na kadigani iliyoishia juu ya kiuno, huku nusu ya kanisa imevaa nguo ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Hakukaa nyuma. Alikwenda mpaka benchi la mbele, akakaa, na alipoimba aliinua mikono ili asibaki mtu ambaye hajaona.

Mchana Yeyo na watu wake walikuja kula. Kulikuwa na mbuzi, chapati, mukimo, na soda moja kwa watoto wawili. Binti alivaa sweta katika lile jua na akakataa kuivua mpaka jioni, jasho likimtiririka. Mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, na mwisho wake una rangi tofauti kidogo. Baba yake aliushika ule mwisho, akautazama, akamtazama Cucu na kadigani yake fupi. Kisha akasema, "Januari nitampeleka mwenyewe." Yeyo aliinuka ghafla akaenda nje kuangalia mbuzi ambao hawakuwepo.

Aliivaa miaka yote minne. Baadaye akaivaa mdogo wake.

Sasa watu huniambia kwamba ule ulikuwa umaskini, na kwamba mimi naupaka rangi. Nakataa. Cucu alikuwa na kuku mia na vyumba vya kupangisha. Viatu vyetu vya shule alinunua vipya, sufuria alinunua mpya, hata kitanda. Aliweza kununua zawadi. Hakutaka, na kutotaka si kukosa. Wala sisemi vya dukani ni vibaya. Mwaka uleule shangazi alinipa mwanasesere kwenye boksi, na nilimpenda sana. Lakini mwanasesere yule hakuna aliyevimba kidole kwa ajili yake, na hakuna aliyekwenda kanisani nusu uchi.

Cucu alifariki nikiwa nafanya kazi mbali. Nilipofika nyumbani siku mbili kabla ya mazishi niliona moshi mweusi nyuma ya nyumba. Shangazi na wenzake walikuwa wanasafisha ili wageni wapate nafasi. Walikuwa wamechoma magunia ya uzi, yote, pamoja na sindano na ile kadigani. "Zilikuwa takataka," shangazi aliniambia, macho yamevimba kwa kilio. "Hakukuwa na hata kitu kimoja kipya." Sikumjibu. Nimekaa na lile jibu kooni miaka kumi na minne. Leo kwenye ploti ile kuna ghorofa nne zenye vigae. Nyumbu hawapiti, maana kila mtu ana ua wa nyaya. Yeyo alihamia ndani zaidi, upande wa Kajiado, na sijui nimtafutie wapi. Sina hata nyuzi mbili za mikono ya nyanya yangu.

Jana shangazi alinipigia. Amezeeka, amestaafu, amesoma grupu kama wengine. Alizunguka sana, mara hali ya hewa, mara magoti. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mabega yananiuma na baridi. Ile kadigani ya mama, ile nyekundu. Hukubakisha?"

"Sikubakisha, Shangazi," nikamwambia. "Mliichoma."

Nilimsikia akipumua. Sikumwonea huruma mara moja, nakwambia ukweli. Nilimwacha akae na lile jibu kidogo, kama nilivyokaa nalo mimi. Kisha nikatafuta kalamu, nikamwuliza kipimo cha mabega yake.