Kiunzi Kisicho na Msumari

Mjukuu wangu msichana aliponionyesha picha ya kayaki kwenye simu yake, nilicheka. Ni kimashua chembamba cha mtu mmoja, ndani fito za mbao, nje wanakivalisha turubai.

"Dana," akaniambia, maana kwetu bibi ni dana, "hakipigwi msumari hata mmoja. Kinafungwa uzi."

Akaanza kukiunda uani kwangu. Fundi wa mashua, ambaye misumari yake inaelea kutoka hapa mpaka Kisumu, akapita kuangalia. "Hiyo ni mashua ama tenga la kuku?"

"Ukitaka kulala ndani, nitakufungulia mlango," msichana akamjibu, mikono haijasimama.

Nikaipenda hiyo mikono. Pale ubavu wa kiunzi unapokutana na ufito mrefu anazungusha uzi wa nyavu, anapitisha msalaba, anakanyaga, anavuta mpaka mishipa ya shingo inatoka. Akamaliza kiunzi kizima. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi viungo vyote vilikuwa vimelegea.

Kijana wangu, ndiye baba yake, akakitikisa kikalia kama kitanda kizee. "Jumamosi tunakiloweka ziwani. Kikilegea tena, ni kuni." Na huyo mtu hatanii.

Msichana hakulia. Alikuja jikoni akaketi mbele yangu. "Dana, nimekosea wapi?"

Wengi wakikosea huuliza nani amewaroga. Huyu aliuliza kosa liko wapi.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini nyavu nimeshona maisha yangu yote. "Umefunga uzi mkavu," nikamwambia. "Nailoni ikinywa maji inarefuka. Iloweshe kwanza, ndio uvute."

Akakata kila fundo. Kila moja! Akaanza upya na beseni la maji kando. Vidole vikachubuka, akavizungushia kitambaa, akaendelea. Mimi hizo fito ningekuwa nimeshazichemshia chai.

Jumamosi kiunzi kikalazwa ziwani tangu asubuhi, mawe juu yake. Mchana kijana wangu na fundi wakakitoa, huyu akashika huku, yule kule, wakakisokota kama blanketi linalokamuliwa. Kikajipinda, wakakiachia, kikarudi. Fundi akapita kiungo kwa kiungo akitafuta pa kuingiza ukucha. Hakupata.

"Yawa," akashangaa. "Ya misumari ingekuwa imepasuka."

"Kuni zangu ziko wapi?" nikamuuliza kijana wangu, kwa sauti, ufuo mzima usikie.

Alipanda pikipiki akaenda zake, nami nikadhani amenuna. Jioni akarudi kutoka sokoni Katito na turubai jipya limefungwa nyuma ya kiti.

"Baba, shika huo upande," msichana akamwambia. "Vuta. Vuta kabisa!"

Akavuta.