Asili ya "Haloo" Mbele ya Baba Mkwe

Chekeni, hata mimi nacheka, ila mchumba wangu Zuhura bado hajacheka. Nilikwenda kwao Kuze, huko pwani, ili babake anione kabla sijapeleka posa. Mtu wa bara mimi, ulimi umezoea simu za ofisini, nikaingia na "Haloo!" Babake na wazee wenzake wakatazamana. Nikadhani neno limewapita, basi nikawapa somo: zamani Waingereza walilitumia kumwita mtu aliye mbali, hata mwenye mashua ng'ambo ya mto, kisha ikaja simu, likawa salamu. Nilijiona mwanachuoni hasa! Babake Zuhura akaningoja nimalize.

"Maashallah, mwanangu. Salamu ya Waingereza tumeipata na asili yake. Yetu je, umeiacha ng'ambo ya mto?"